Miezi Miwili ya Kiitaliano, Miaka Sita Bila Kigogo



Wapendwa wasomaji, juma lililopita alinijia ofisini sista mmoja kijana ambaye shirika lake linamtuma Italia kwa masomo. Mwezi wa Oktoba anapaswa kuwa darasani Roma, na kabla ya hapo atapewa kozi fupi ya Kiitaliano ya miezi miwili. Akaniuliza, "Baba Paroko, miezi miwili itatosha kweli?" Nilikuwa na haraka ya kwenda mazishini, nikamjibu kwa neno moja kwamba haitatosha, nikachukua stola yangu nikaondoka. Tangu siku hiyo swali lake limekuwa likinirudia, kwa sababu jibu nililompa lilikuwa la kweli lakini lilikuwa robo ya ukweli. Leo nataka kumjibu inavyostahili, na nikimjibu yeye nitalazimika kuungama jambo langu mwenyewe mbele yenu.

Mimi nilipelekwa Perugia mwezi wa Agosti 2014. Wengi wa mapadre na watawa wa Afrika waliosoma Roma wanaufahamu mji huo kabla hata ya kuufahamu vizuri mji wa Roma, kwa kuwa pale kuna Chuo Kikuu cha Wageni, ambacho mwanzo wake ni kozi zilizoanzishwa mwaka 1921 na ambacho kazi yake kubwa tangu zamani ni kuwafundisha wageni lugha na utamaduni wa Kiitaliano. Jengo lake kuu, Palazzo Gallenga, linatazamana na lango la mawe lililojengwa na Waetruski zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mji wenyewe umejengwa juu ya kilima, na mtu aliyezoea tambarare za kwetu hujikuta kila siku anapanda au anashuka ngazi. Hewa ikiwa safi, unaiona Assisi kwa mbali, nyeupe, imelala ubavuni mwa mlima.

Tuliketi darasani watu kumi na wanane. Walikuwapo masista kutoka Vietnam, mapadre wawili wa Kongo, vijana wengi wa Kichina waliokuwa wakijiandaa kuingia vyuo vya muziki na sanaa, na binti mmoja wa Brazil aliyetuacha nyuma sote kwa sababu Kireno chake na Kiitaliano ni watoto wa mama mmoja. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, mpole, ambaye hakuruhusu neno moja la Kiingereza mlangoni pake. Mimi nilikuwa na shahada mbili, nilikuwa padre, nilikuwa nimezoea kusema watu wakanyamaza. Siku ya kwanza niliulizwa jina langu na umri wangu, na nikatoka jasho.

Hapa wanafunzi wa lugha watanielewa. Neno la Kiitaliano la "mwaka" ni *anno*, na linatamkwa kwa kuikawiza ile *n*. Sisi Waswahili hatuna konsonanti za kukawiza namna hiyo. Tunasema mara moja na kwenda zetu. Basi nikaitaja miaka yangu thelathini na mitatu kwa *n* moja. Mwalimu aliinamisha uso juu ya daftari lake, na binti wa Brazil akaziba mdomo. Neno lile kwa *n* moja lina maana ambayo siwezi kuiandika kwenye ukurasa huu wa kiparokia. Sista, ukifika huko, *n* mbili.

Lakini, mbali na aibu hiyo, Mswahili anayo heri yake katika lugha ile. Maneno yao karibu yote huishia kwa irabu, kama yetu, na herufi nyingi husomwa jinsi zilivyoandikwa. Wenzetu wa Kichina walihangaika na matamshi wiki nzima wakati sisi na Wakongo tulikuwa tunasoma kwa sauti kama wasomaji wa Misa. Zaidi ya hayo, kuna maneno ambayo nilikutana nayo kama mtu akutanaye na binamu ugenini. Wao husema *bandiera*, sisi husema bendera. Wao husema *vino*, sisi husema mvinyo. Bwalo la chakula la wanafunzi linaitwa *mensa*, na hilo ndilo neno la Kilatini la meza tulilolikariri seminarini. Hatukuyapata maneno haya kwa Waitaliano. Tuliyapata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 15, nao na Waitaliano walikwisha kuyarithi kwa Kilatini. Hata neno balozi, wanavyoeleza wajuzi wa historia ya maneno, limetoka Venezia. Mwakilishi wa mji ule katika nchi za Waturuki aliitwa *bailo*, Waturuki wakalifanya lao, na baada ya safari ndefu ya midomo likatufikia sisi, ambao leo tunalo hata la kumwitia mjumbe wa nyumba kumi. Na askofu wa kwanza wa Jimbo la Dodoma, Mhashamu Anthony Jeremiah Pesce, aliyetuongoza hadi mwaka 1971, nilimjua kwa jina tangu utoto wangu Kondoa; ilinibidi nifike Perugia, sokoni, mbele ya meza ya muuza samaki, ili nitambue kwamba muda wote tulikuwa tukimwita Baba Askofu Samaki, katika nchi isiyo na bahari wala ziwa la maana.

Kuna neno moja ambalo lilinifunza kuliko sarufi yote. Nilikuwa kituoni nangoja basi. Basi likafika, nikasita mlangoni kwa kuwa sikuwa na hakika kama tiketi yangu inakubalika. Dereva akanitazama akasema, "*Sali, sali!*" Nilidhani nimesikia Kiswahili. Nikajiuliza, huyu amejuaje kwamba mimi ni padre, na mbona ananiamuru nisali hapa barabarani? Kumbe *salire* kwao ni kupanda, na dereva alikuwa akiniambia, panda, panda. Nilipanda nikicheka peke yangu. Jioni nikamsimulia mwalimu kisa hicho nikitegemea atacheka naye. Alitabasamu kidogo, kisha akaniuliza, "Alikuambia *sali*, au alikuambia *salga*?" Nikamjibu kwamba alisema *sali*. Hakuongeza neno, lakini kesho yake somo zima lilikuwa juu ya heshima.

Waitaliano wana namna mbili za kumsemesha mtu. Rafiki, mtoto na ndugu husemeshwa kwa *tu*, yaani wewe. Mtu mzima usiyemfahamu husemeshwa kwa *Lei*, katika nafsi ya tatu, kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine mheshimiwa zaidi aliyesimama nyuma yake. Kwa mtu wa namna hiyo dereva angesema *salga*. Tangu siku ile masikio yangu yalifunguka, na si kwa furaha. Niligundua kwamba katika maduka na vituo vya basi Mwitaliano wa umri wangu aliambiwa *Lei*, nami nikifuata nyuma yake katika foleni ileile niliambiwa *tu*. Si wote waliofanya hivyo, na wengi wa waliofanya hawakuwa na chuki yoyote. Walikuwa wakinirahisishia, kama mtu anavyomrahisishia mtoto. Lakini mtu mzima akirahisishiwa kila siku huanza kujihisi mdogo. Mkongo mmoja darasani kwetu, padre aliyenipita kwa umri, alikuwa akijibu kwa *Lei* nzito, taratibu, mpaka anayemsemesha abadili mwenyewe. Mimi sikuwa na ustadi huo. Nilinyamaza.

Mwalimu alitueleza pia asili ya *ciao*, salamu ile nyepesi ambayo sasa inasikika dunia nzima. Ilianza Venezia, nayo inatokana na neno la mtumwa: mimi ni mtumwa wako. Nikanyoosha mkono, na kwa Kiitaliano changu cha wiki ya tano nikalieleza darasa kwamba sisi pia tunayo salamu ya aina hiyo, shikamoo, ambayo wengi huieleza kuwa ni kushika miguu ya mkubwa wako. Hiyo ndiyo hotuba yangu ya kwanza katika lugha ile. Ilikuwa na makosa yasiyohesabika, na masista wa Vietnam walinipigia makofi.

Sasa, je, miezi miwili ilitosha? Oktoba nilipoingia darasani Roma, profesa alisema saa nzima bila kupumua na mimi niliambulia maneno *dunque* na *cioè*, yaani "basi" na "maana yake". Basi nini, na maana yake nini, sikujua. Nilinakili ubaoni nisichokielewa, usiku nikakitafuta kwenye kamusi, na mitihani ya mdomo ya Februari niliifanya kwa kukariri kurasa nzima kama mtoto akaririvyo shairi. Wengi tumepita hapo. Wazee wetu walikuwa na njia nyingine: Mwadhama Laurean Rugambwa alipokwenda kusoma sheria za Kanisa Roma mwishoni mwa miaka ya 1940, masomo yalitolewa kwa Kilatini, lugha ambayo seminari ilikuwa imemwandaa nayo tangu ujana. Desturi hiyo ilikwisha baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kwa maoni yangu, anayetuma mwanafunzi Italia amwanzishie lugha mwaka mzima kabla, hapahapa nyumbani, jioni kwa jioni. Miezi miwili ya Perugia ije iwe ya kunyoosha, isiwe ya kuanza na sifuri. Sista, hilo ndilo jibu lako la kwanza, na madaftari yangu ya zamani nitakupa.

Jibu la pili ndilo linalonigharimu.

Mimi ni Mrangi. Nimepadirishwa kwa ajili ya kanisa la Dodoma, na nipo hapa Ipagala mwaka wa sita. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, niliitwa kwenda kumpaka mafuta bibi mmoja mgonjwa, pembezoni mwa eneo letu, kule ambako nyumba mpya za mabati ya rangi zinakomea na yale mashamba ya uwele yaliyosalia yanaanza. Nilimkuta amelala, mwili umekwisha lakini macho yana uhai. Nikamwambia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu." Nikamweleza kwamba nimekuja kumpa sakramenti. Akasema kwa Kiswahili cha kuungaunga kwamba anataka kwanza kuungama, na kwamba ataungama kwa Kigogo, kwa kuwa mambo yake yamo katika Kigogo.

Nilimjibu kama nilivyofundishwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 990, haimkatazi mtu kuungama kwa njia ya mkalimani, na mkalimani naye anafungwa na siri. Mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa amesimama mlangoni. Bibi alimtazama mjukuu, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Na hata angekubali, kijana mwenyewe alininong'oneza baadaye kwamba Kigogo anakisikia kidogo tu, kukisema hawezi. Bibi akaniuliza, "Baba, umekaa hapa siku nyingi?" Nikamwambia miaka mitano. Hakunilaumu. Alisema tu, "Haya," akageuza uso ukutani.

Nilimpaka mafuta. Kisha nikatoka nje, na ndugu zangu, nilifanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Perugia nilisoma saa nne kwa siku, siku tano kwa juma, kwa majuma manane. Hizo ni saa 160 ili niweze kuagiza kahawa na kumsikiliza profesa. Kigogo nilikuwa nimekisoma saa ngapi? Hata moja. Nilijua kusema *Mbukwa* kwa mtu mmoja na *Mbukwenyi* kwa wengi au kwa mtu wa heshima, nikaitumia salamu hiyo mwanzoni mwa mahubiri ili watu wacheke na kupiga vigelegele, na nikajihesabu kuwa mtu wa watu. Dereva yule wa basi aliyeniambia *sali* alinisema kwa lugha yake bila kujali heshima yangu. Mimi nilimwendea mama wa miaka themanini na kitu, kitandani pake, katika nchi ya baba zake, nikamtaka yeye ndiye anifuate katika lugha yangu.

Kesho yake nilimfuata padre mmoja mstaafu, mwana wa hapa, ambaye Kigogo amekinyonya. Tukaenda naye. Mimi nilikaa nje chini ya mti, mbali vya kutosha, yapata muda wa saa moja. Kilichosemwa ndani ni cha Mungu. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba wakati fulani, baada ya sala kwisha na mlango kufunguliwa, nilimsikia bibi yule akicheka. Alifariki juma lililofuata.

Najua mtakayoniambia, maana nimekwisha kuyasikia kwenye kikao cha mapadre. La kwanza ni kwamba Dodoma si ya Wagogo peke yao tena. Ni kweli. Tangu serikali ianze kuhamia hapa kwa vitendo mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa jiji mwaka 2018, watu wamemiminika. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 765,000 katika jiji ambalo miaka kumi nyuma lilikuwa na 411,000 hivi. Kwenye Misa ya kwanza hapa Ipagala nikitupa jiwe nitampiga Mhaya, Mchaga, Mnyakyusa na afisa wa wizara. Lakini ongezeko hilo kwangu ni sababu ya kuharakisha. Mzee wa Kigogo aliyekuwa katikati ya kijiji chake sasa yuko pembezoni mwa mtaa wa wageni, bila kuhama hata hatua moja. Hospitali, benki, ofisi ya kata, kote anasemeshwa Kiswahili. Kanisani nako?

La pili ni ukabila. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa Kiswahili kimetupatia taifa moja, na sitaki Ibada ya Misa igawanywe kwa makabila. Mimi mwenyewe nahubiri kwa Kiswahili na nitaendelea. Lakini ukabila ni mtu kung'ang'ania lugha yake mwenyewe ili awafungie wengine nje. Mrangi akijifunza Kigogo ili amsikilize Mgogo anayekufa, kabila gani limependelewa hapo?

Na wala si jambo jipya. Ndugu zetu Waanglikana walianza kutafsiri Maandiko kwa Kigogo tangu karne ya 19. Wapasionisti wa Italia, waliokabidhiwa eneo hili katika miaka ya 1930, walitoka katika nchi ileile ya *anno* na *salga*, na wazee wa parokia hii bado wanawasimulia baadhi yao waliokaa miezi na makatekista wakiandika maneno katika vijidaftari kabla ya kuthubutu kuhubiri. Tunawakumbuka kwa mizabibu iliyoanzia Bihawana katika miaka ya 1950. Vile vijidaftari tumevisahau. Kanuni ya 249 inadai kwamba waseminari, pamoja na lugha yao na Kilatini, wajue lugha za kigeni zinazohitajika au kufaa kwa malezi yao au kwa huduma ya kichungaji. Tumeisoma kanuni hiyo kana kwamba neno "kigeni" linamaanisha Ulaya. Kwa Mrangi, Kigogo ni lugha ya kigeni kabisa.

Ninachopendekeza ni kidogo. Padre, sista au katekista anayepangiwa kufanya kazi katika nchi hii ya Ugogo bila kuijua lugha, apewe majuma manne kabla hajakabidhiwa kituo. Asubuhi darasani, jioni nyumbani kwa wazee. Asihubiri wala kuendesha kikao. Akae awe mjinga, kama nilivyokuwa mjinga Perugia, maana ule ujinga wenyewe ni nusu ya somo. Mwalimu hatatafutwa mbali, na gharama yake haifiki nauli ya ndege ya mtu mmoja. Manesi na mabwana shamba wakitaka kujiunga, viti vipo.

Kwa upande wangu nimeanza, kwa kuchelewa. Kila Jumanne saa kumi jioni naketi ukumbini na katekista mstaafu, mzee asiye na huruma hata kidogo na matamshi yangu. Juzi nilijitia moyo. Nilimkuta mama mmoja anauza mboga karibu na lango la kanisa, nikamsalimu, kisha nikaunganisha sentensi nzima ya Kigogo niliyokuwa nimeifanyia mazoezi tangu asubuhi. Alinitazama, akacheka mpaka akashika kifua, halafu akanijibu kwa Kiswahili, polepole, neno moja moja, sawasawa na alivyokuwa akinijibu kwa Kiingereza muuza mikate wa Perugia kila nilipojaribu Kiitaliano changu.

Nikamwomba, "Mama, rudia kwa Kigogo." Akarudia. Nikamwomba tena.